Feni ya konveta kwenye karavani inaunguruma usiku kucha, wenye uzoefu nisaidieni

Mzururaji

Wakuu habari za humu. Nina karavani ya kuvuta na gari, ndogo tu ya kulala watu watatu, niliichukua ikiwa imeshatumika na sina ugomvi nayo isipokuwa kitu kimoja kinachonitoa roho kila nikichomeka umeme kambini. Ile konveta, yaani lile boksi linalopokea umeme wa laini na kuushusha kuwa volti 12 za taa, pampu ya maji na kuchaji betri, wameifunga chini ya kitanda, usawa wa kichwa kabisa, na feni yake inaunguruma kama mashine ya kusaga. Mchana huisikii sana maana watu wanaongea na milango iko wazi, ila usiku watu wakishatulia ndo utajua hujui. Na sio kwamba inawaka inazima, hapana, inawaka na inakaa hivohivo mpaka kunakucha, hata nikizima taa zote na kila kitu bado inapuliza tu.

Mwenzangu anasema tuifunike na blanketi zito, mi naona tutachoma karavani.

Ninachoomba kujua, hii ndo kawaida ya hizi mashine au feni yenyewe imeshaisha? Naweza kutafuta feni ya kompyuta nikaipachika pale? Na kuna mtu aliwahi kuichomoa kabisa feni na konveta ikaendelea kudunda? Betri ninazo mbili za asidi, zile za kuongeza maji, zimeungwa sambamba. Konveta imeandikwa ampea 45. Umri wake siujui, aliyeniuzia nae alinunua kwa mtu.

Kijiti_Kikavu

Blanketi hapana, na feni usichomoe. Ila kabla watu hawajaanza kukutajia vitu vya kununua tuambie kwanza ni sauti gani. Kuna sauti ya kukwaruza au kugonga tiktiktik, hiyo ni beringi ya feni. Kuna sauti ya upepo tu ila mwingi, hiyo feni ni nzima ila inazungushwa kwa nguvu zote. Kuna mvumo mzito mmm usiobadilika ambao unausikia hata feni ikiwa imesimama, huo ni wa transfoma na hata ubadilishe feni kumi hautaondoka, konveta za zamani zenye transfoma kubwa nzito ndo zilivyo. Na kuna mlio mwembamba wa kama mbu, huo unatoka kwenye koili za ndani.

Chukua kijiti kikavu cha mbao, weka ncha moja kwenye boksi na nyingine kwenye sikio, utasikia sauti inatokea wapi. Usitumie bisibisi ya chuma tafadhali.

BibiTrela

Mimi nakupa dawa ya leo usiku, ya kudumu watakupa mafundi. Nenda kwenye paneli ya breka, tafuta breka ya konveta, izime ukienda kulala. Basi. Trela itaendelea na volti 12 kutoka kwenye betri, hutaona tofauti, asubuhi unawasha inarudisha kilichotumika wakati mnakunywa chai. Mimi nafanya hivo kila safari na nalala kama mtoto.

Ila hesabu betri yako kwanza. Usiku taa zimezimwa hakuna kinachokula umeme mwingi isipokuwa feni ya hita kama kuna baridi. Hiyo ya hita inaweza kula ampea 7 ikiwa inazunguka, sasa kama inazunguka nusu ya muda kwa masaa nane hapo ni ampea-saa 28 zimeondoka. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 hutakiwi kuishusha chini ya nusu, kwahiyo bado uko salama ila sio kwa kujiachia. Kama mtu analala na mashine ya kupumulia hesabu na hiyo.

Alafu angalia breka hiyo haijabeba kitu kingine. Kuna trela breka ya konveta imeunganishwa na soketi za upande mmoja au na friji, ukizima unashangaa asubuhi vyakula vimelowa. Na nyingine hazina breka ya peke yake kabisa, konveta imechomekwa tu kwenye soketi iliyojificha nyuma ya boksi, hapo unachomoa.

Jambo la mwisho na hili sio la utani: ukizima konveta usizime na ile swichi kuu ya betri. King'ora cha gesi kinatumia volti 12, ukizima vyote viwili umelala bila mlinzi.

FundiWaya

Mzururaji, umesema neno moja hapo juu ambalo wenzangu wamelipita. Umesema hata ukizima kila kitu feni inaendelea mpaka asubuhi. Mi kelele ya feni hainisumbui sana, hilo la kutozima ndo linanisumbua.

Ngoja nieleze hii kitu inavofanya kazi kidogo. Konveta ikigeuza umeme sehemu ya umeme inapotea kama joto. Tuseme ufanisi wake ni asilimia 85, sasa ikitoa ampea 40 kwa volti 13.6 hiyo ni karibu wati 544 zinazotoka, maana yake imemeza wati 640 na kama wati 96 zimebaki ndani ya boksi zikawa joto. Wati 96 ndani ya kaboksi kale lazima feni ipulize kwa nguvu. Lakini ikitoa ampea 5 tu, joto linalobaki ni kama wati 12, hapo feni nyingi zinasimama zenyewe au zinazunguka polepole usizisikie. Kwahiyo ukizima kila kitu, na betri zimejaa, konveta inatakiwa iwe inatoa ampea moja mbili tu, na feni ilale. Yako hailali. Basi kuna mawili, ama kuna kitu kinakula umeme usichokijua ama kinachowasha feni kimeharibika.

Kuna aina mbili za kuwasha feni na ni vizuri ujue ya kwako. Moja ina swichi ya joto, kidude kidogo kimebanwa kwenye bati la kupozea, likifika joto fulani kinafunga mzunguko feni inawaka, likipoa kinaachia. Ya pili haiangalii joto, inaangalia mzigo, ampea zikipita kiwango feni inawaka hata kama nje kuna barafu. Ndo maana kuna watu wanalalamika feni inawaka ghafla pampu ya maji ikifanya kazi kisha inazima. Ile ya swichi ya joto ikigandiana kwenye kuwaka basi feni haitazima milele, hapo ni kubadili swichi na sio feni.

Sasa mzigo uliojificha. Cha kwanza kabisa angalia friji. Kama ni friji ya njia tatu, gesi, umeme wa laini na volti 12, hakikisha haijawekwa kwenye volti 12 wakati umechomeka umeme wa laini. Watu wanafika kambini wakiwa wametoka barabarani na friji iko kwenye volti 12, wanachomeka waya wanasahau, ile elementi inakula ampea 10 na zaidi kupitia konveta usiku kucha, alafu wanalaumu feni. Weka kwenye umeme wa laini moja kwa moja.

Cha pili balbu. Kama bado una zile za zamani za uzi, moja inakula kama wati 18, ampea moja na nusu hivi. Ukiwasha kumi ni ampea 15. Za LED zinazotoa mwanga karibu na huo zinakula wati 2 au 3. Hili halielezi usiku wako maana umesema unazima, ila jioni litakupunguzia upepo mwingi.

Cha tatu, na hapa ndo naweka shaka yangu, betri. Hebu nijibu: kati ya betri zako mbili kuna moja inayokunywa maji kuliko mwenzake? Ukigusa ubavu wake baada ya kuchaji usiku kucha ni ya moto? Kuna harufu ya mayai viza pale zilipo? Pima hivi: asubuhi zima konveta, zitenganishe betri zote mbili kabisa, chomoa hasi na chanya, ziache zikae zenyewe mpaka kesho yake, alafu pima kila moja kwa mita. Betri nzima iliyojaa ya asidi inasoma 12.6 au 12.7. Niletee namba.

Na ukiwa na mita ya kubana waya inayosoma DC (umeme wa betri), ibane kwenye waya wa chanya wa kila betri wakati konveta inachaji, tuone nani anakula.

Dogo_Bisibisi

Fundi shikamoo. Mi nilidhani angefanya kazi fupi tu, feni nyingi za humo ni volti 12 za waya mbili, akate waya mmoja aweke rizista (kidude cha kupunguza umeme unaopita) ya ohm 22 ya wati 2 katikati, feni inapungua spidi, kelele inashuka sana na bado hewa inapita. Kwenye kompyuta tunafanya hivo kila siku. Au aweke feni ya kompyuta ya ukubwa uleule zile za kimya, kazi imeisha.

FundiWaya

Marahaba dogo. Rizista inafanya kazi, sikatai, ila fikiria ni lini feni inahitajika kweli. Sio usiku wa baridi ukiwa umelala. Ni mchana wa jua kali, chini ya kitanda kumefungwa hakuna hewa, betri zimeshuka, konveta inatoa ampea 40. Hapo ndo umeshaipunguzia feni nguvu. Feni nyingine zikipewa volti pungufu zinazunguka vizuri zikiwa tayari zinazunguka, ila zikisimama haziwezi kuanza tena, zinatetemeka tu. Alafu kapasita za ndani, vile vidude vya mkebe vinavyohifadhi umeme, kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi ukiziongezea joto maisha yake yanapungua nusu. Utalala vizuri msimu mmoja, konveta itakufa msimu unaofuata.

Feni ya kompyuta sawa, ni wazo zuri, ila asome lebo kwanza. Kuna konveta feni yake ni volti 24. Ukubwa ulingane, upana na unene wote, maana kuna za 60 kwa 60 zenye unene wa milimita 25 na nyingine 15 na tundu za skrubu ni zilezile, ila ile nyembamba haisukumi upepo sawa. Hizi za kompyuta za kimya zimekuwa za kimya kwa sababu zinazunguka taratibu, kwahiyo ukichukua ya ukubwa uleule yenye kelele nusu mara nyingi umechukua na upepo nusu. Linganisha kiasi cha hewa kilichoandikwa kwenye karatasi yake, kisipungue cha ile ya zamani. Ukipata yenye beringi ya gololi bora zaidi, zile za bushi zikikaa sehemu ya joto mafuta yanakauka zinaanza kulia. Na mshale wa upepo uelekee kulekule ulikokuwa, ukigeuza unapambana na muundo wa boksi zima.

Kuhusu kufungua boksi. Chomoa umeme wa laini, sio kuzima tu, CHOMOA, alafu tenganisha betri, alafu subiri. Ndani kuna kapasita zinazobaki na umeme hata baada ya kuchomoa, kwa laini ya volti 120 inabaki karibu 170 ya DC, kwa laini ya 230 inabaki karibu 325, na hiyo sio ya kuchezea kabisa. Pima kwa mita kabla hujaingiza kidole. Kama hujawahi kupima kitu kama hicho mpe fundi, feni ni kazi ndogo kwake.

Kijiti_Kikavu

Naongezea kidogo, kabla ya kununua feni safisha. Trela ya mtumba, chini ya kitanda, kuna vumbi na nywele za mbwa wa wenye nayo wa zamani mle ndani usiombe. Vumbi likishika bati za kupozea joto haliondoki, feni inazunguka mpaka basi. Puliza kwa hewa ya mgandamizo, ila shikilia panga za feni zisizunguke wakati unapuliza, hewa ile inaweza kuizungusha kupita kiasi beringi zikaondoka hapohapo.

Na watu wanaodondoshea tone la oili chini ya stika ya feni, inasaidia kwa muda kama ni ya bushi. Spreyi ya kulegeza kutu usiweke, itatulia jioni moja, ikikauka inalia zaidi.

Lala_Salama

Kwani asiihamishe tu? Mbele kabisa kwenye ulimi wa trela kuna lile sanduku la betri na mitungi, aifunge humo, kelele itabaki nje na waya za betri zitakuwa fupi. Naona wote mnazunguka.

Kijiti_Kikavu

Hapana hapana hapana. Betri ya asidi ikichaji inatoa gesi ya haidrojeni, na pembeni yake kuna mitungi ya gesi ya kupikia. Konveta ina swichi na rilei ndani zinazoweza kutoa cheche. Usiiweke konveta ya kawaida kwenye chumba kimoja na betri za asidi wala na gesi, hili hata kwenye vitabu vya watengenezaji wanaliandika. Kuhamisha sawa, lakini iwe chumba kingine kikavu chenye hewa, na wazo lako la waya fupi ni la kweli, ikienda mbali na betri waya lazima ziongezwe unene la sivyo volti zinapotea njiani na betri hazijai.

Lala_Salama

Aisee sawa, nimeelewa. Haidrojeni sikuifikiria.

Mzururaji

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, nilikuwa nasubiri betri zitulie kama fundi alivosema.

Kwanza sauti. Kwa kijiti nimesikia ni upepo mwingi, hakuna kukwaruza, ila kuna mtetemo mwingine unatoka kwenye ubao wa kitanda, ukibana ubao kwa mkono sauti inashuka kama nusu hivi. Friji iko kwenye umeme wa laini, sio hiyo. Balbu zote ni LED aliyeniuzia alishabadilisha.

Sasa betri. Ya kushoto imesoma 12.7. Ya kulia imesoma 10.6!! Nimepima mara nyingine nikidhani mita imekosea, ni ileile. Na fundi ulivouliza swali la maji nilicheka, kwa sababu hii ya kulia ndo kila nikiifungua naikuta imeshuka maji na ile nyingine haijaguswa, nikawa nadhani inapigwa jua zaidi kwa vile iko upande wa nje. Ubavu wake wakati wa kuchaji ni wa moto, sio vuguvugu, wa moto. Mita ya kubana nimeazima, konveta ilikuwa inapeleka karibu ampea 11 kwenye ile ya kulia na kwenye ya kushoto haifiki hata moja, na hapo ilikuwa imeshachaji usiku mzima.

Sasa hii ndo maana yake nini, imekufa?

FundiWaya

Imekufa mkuu. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila seli inatoa kama volti 2.1. Sita mara 2.1 unapata 12.6. Toa seli moja zinabaki tano, unapata 10.5, na wewe umesoma 10.6. Seli moja imepiga shoti ndani.

Sasa angalia kinachotokea. Konveta inaona betri, inajitahidi kuifikisha 13.6. Lakini ile ya kulia ni ya seli tano, haiwezi kufika hapo kwa amani, kila seli iliyobaki inasukumiwa volti 2.7 wakati inatakiwa kukaa kwenye 2.25 hivi ikiwa imejaa. Inachemka, inakausha maji, inatoa gesi, na inakula ampea 11 milele kwa sababu haitajaa kamwe. Na konveta nyingi za kisasa zina hatua, zinaanza na 14.4 kwa kusukuma, zinashuka 13.6, zikikaa muda bila kazi zinashuka 13.2 za kutunza. Yako haifiki kwenye kutunza kwa sababu inaona kila saa kuna mtu ana njaa. Ndo feni yako hiyo.

Na ukichomoa umeme wa laini inakuwa kinyume, ile nzima ya kushoto inamwaga umeme wake kwenye ile mbovu. Kwahiyo BibiTrela ushauri wako ni mzuri ila kwa huyu ungemwachia betri mfu asubuhi.

Itoe leo. Usiichaji tena, ikichemka hivo bila mtu kuangalia haina mwisho mzuri. Fungua sehemu zilipo zipate hewa kabla hujagusa waya, toa hasi kwanza, usivute sigara pale, vaa miwani. Endelea na hiyo ya kushoto peke yake kwanza uone. Ukitaka kurudisha mbili nunua mbili za aina moja na umri mmoja, mpya ukiifunga sambamba na mzee, mzee anaivuta chini.

BibiTrela

Mh. Fundi nakubali, hapo ushauri wangu ungemuumiza. Ila kwa betri nzima bado nazima breka na sitaacha.

Dogo_Bisibisi

Nimejifunza kitu aisee. Kwahiyo ningemwekea rizista, betri ingeendelea kuchemka na feni haisikiki.

FundiWaya

Ndo hivo.

Kipepeo

Naingilia kidogo kwa sababu nina tatizo linalofanana ila betri zangu ni za lithiamu mpya kabisa na feni inanguruma masaa mengi pia. Na mimi nina seli mbovu?

FundiWaya

Huenda hapana. Lithiamu ina upinzani mdogo ndani, inakubali kila ampea unayoipa mpaka karibu ijae, tofauti na asidi ambayo inaanza kukataa mapema. Konveta ya ampea 45 inapeleka 45 kwa masaa, na feni inabaki juu masaa hayohayo. Ukiwa na ampea-saa 200 zimeshuka robo tatu hapo una masaa kama matatu na nusu ya feni. Baada ya hapo inatakiwa inyamaze. Ikiwa hainyamazi hata baada ya kujaa ndo uje tuongee. Panga kuchaji mchana, ndo ushauri wangu, na hakikisha konveta ni ya aina inayojua lithiamu. Kuna watu wanaacha konveta ifanye kazi za taa tu na wanaweka chaja ya pembeni isiyo na feni, zinapoa kwa mapezi ya bati tu, polepole ila kimya kabisa. Ampea zake huwa ndogo, kama 15 hivi, kwa mtu anayekaa kambini siku kadhaa akiwa amechomeka inatosha.

Kipepeo

Shukrani, inanyamaza alfajiri kweli. Nilikuwa najitafutia ugonjwa.

Mzururaji

Mrejesho. Betri mbovu nimeitoa. Nimelala na ile moja, konveta ikiwa imewashwa. Feni ilipuliza mwanzoni kama nusu saa alafu ikashuka, alafu ikazima kabisa. Usiku inawaka mara mojamoja hita ikianza, inakaa kidogo, inazima. Mke wangu ameuliza kama umeme umekatika.

Ila ikiwaka bado ule ubao unatetemeka, na usiku wa kimya kuwaka na kuzima nako kunashtua kwa namna yake. Nimefungua nikaangalia, boksi limefungwa kwa skrubu nne moja kwa moja kwenye plaiwudi nyembamba, ileile ambayo ndo sakafu ya kitanda. Nilikuwa nafikiria kubandika sponji ya kuzuia sauti ndani ya hicho kichumba chote.

BibiTrela

Sponji usijaze, utaziba hewa na nyingi zinashika moto haraka. Ubao ndo spika yako hapo. Legeza skrubu, weka washa za mpira nene chini ya kila kona na nyingine juu ya ubao chini ya kichwa cha skrubu, ili chuma isiguse ubao kabisa. Usikaze mpaka mpira ulale. Kama feni yenyewe imefungwa kwa skrubu za chuma kwenye bati, kuna vile vipini vya mpira vya kufungia feni, vinavutwa vinapita kwenye tundu, navyo vinasaidia sana ila hapo ni mpaka ufungue boksi kwahiyo soma tena alichosema fundi kuhusu kapasita.

Angalia pia upenyo wa hewa. Wengi tunajaza viatu na mashuka chini ya kitanda mpaka grili ya konveta inazibwa, inavuta hewa yake ya moto yenyewe. Acha nafasi mbele yake, kama kiganja hivi, na weka kaubao kadogo kuzuia vitu visisogee mkiwa barabarani. Huko ndiko vinakosogea.

Kijiti_Kikavu

Na waya. Waya nene za betri zikiwa zimebanwa ngumu kwenye ubao nazo zinapeleka mtetemo, ziache na mkunjo kidogo kabla ya klipu ya kwanza. Ukiwa hapo kaza temino zote za volti 12, waya uliolegea unapata moto na konveta inafanya kazi zaidi bure. Umeme ukiwa umechomolewa, na betri pia.

Mzururaji

Washa za mpira ninazo zilibaki kwenye kazi nyingine, naziweka jumamosi. Mashuka yalikuwa yameziba grili nusu, BibiTrela umeniona wapi.

Fundi swali la mwisho, hiyo betri moja iliyobaki ni ya ampea-saa 100, naweza kwenda nayo hivyo msimu huu au nisubiri mbili mpya?

FundiWaya

Kama unachomeka umeme wa laini kila unapokwenda, nenda nayo. Kama mnakaa porini bila umeme, imeishi na mwenzake mbovu muda gani hujui, na ilikuwa inamwagwa kila ukichomoa. Ichaji ijae, izime konveta, washa taa zenye jumla ya ampea 5 hivi uache masaa manne, hizo ni ampea-saa 20. Zima, iache itulie saa zima, pima. Ikisoma 12.4 hivi au zaidi bado ina nguvu. Ikisoma 12.0 imeshazeeka, nunua.

Mzururaji

Taa zangu za LED zote nikiwasha hazifiki ampea 5 fundi 😅

FundiWaya

Basi washa na feni ya hita.